Tope Lililosema Ziwa Lilikauka

Siku ninayotaka kuikumbuka hata nikizeeka, mwanangu, ni ya jana. Usicheke. Niko kidato cha tatu na wewe hujazaliwa, ila mambo mengine nayaweza kwenye karatasi tu; mdomoni yananikwama.

Shangazi yangu huchunguza tope la chini ya ziwa. Jana, kule Mwanza mjini, alinionyesha kwenye hadubini maganda ya vijimea vya majini, madogo kuliko vumbi, yanang'aa kama kioo. Vijimea hivyo vikifa huzama, tabaka juu ya tabaka. Kuna vya kilindini na vya maji ya kina kifupi, kwa hiyo ganda linakwambia ziwa lilikuwaje zamani. Halafu akaweka tope la chini zaidi. Hakuna ganda hata moja. Vijizizi vya nyasi tu!

"Hapo palikuwa nchi kavu," akasema. "Ziwa lote lilikauka, maelfu ya miaka iliyopita."

Mwili ulinisisimka. Ziwa hili hili? Kwenye kivuko cha kurudi kwetu Kamanga nilishika chuma kwa mikono miwili, naogopa hata kutazama maji.

Niliyemhofia zaidi ni Bibi. Babu alizama humo, hakuonekana tena, na Bibi husema mumewe amelala mahali pasipohama. Nikaapa sitamwambia. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua: jioni nachambua dagaa, machozi haya hapa.

"We mtoto, nani kakupiga?"

Nikamwambia. Akaachia mwiko ndani ya ugali.

"Lote?"

"Lote, Bibi."

"Hata kule Ukerewe kwenye kina?"

"Hata kule."

"Mungu wangu!" Akakaa chini. "Na ulitaka kunificha?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma! Waliomwona babu yako akizama nao walinionea huruma, wakanyamaza. Nikamngoja ufukweni mpaka watoto wakaniita kichaa. Usirudie."

Sikuwahi kulisikia hilo.

Basi mwanangu, nakuusia ingawa sina mvi: usimnyime mtu ukweli kwa kumhurumia. Mzee si yai. Mpe shikamoo yake, kisha mwambie. Na ziwa usilizoee. Lisemwalo na tope lisikilize.

Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, na akukuze penye maji.