Nilibadilisha Jibu la Besi

Nilikosa, na sitaki mtu anitetee. Mkimaliza kusoma hii mkataka kunitukana, tukaneni. Mimi mwenyewe nimejitukana miaka sasa na bado haijatosha. Lakini na nyinyi mlioimba siku zile hapa Likasi, mkarudi nyumbani na vitanda vya kupora kichwani, msijifanye mnashangaa.

Mimi ni mtunzi na mwalimu wa nyimbo za kanisa. Mishahara ya kiwandani ilipokufa, kwaya ndiyo iliyobaki kunifanya niitwe mtu. Nilikuwa nimemaliza misa nzima kwa Kiswahili, nyimbo za Majilio, na wimbo mmoja wa matoleo uliopendwa kuliko zote. Watu waliucheza kutoka mlangoni mpaka altareni, wengine na unga, wengine na mihogo.

Wimbo ule ni wa swali na jibu. Sauti za juu zinauliza, "Hii nyumba ni ya nani?" Besi zinajibu, "Yetu sote," kwa noti moja ndefu inayoshuka mpaka unaisikia tumboni. Jibu hilo sikulitunga mimi. Alilitunga Baba Ngalula.

Baba Ngalula alizaliwa Likasi kama mimi, ila babu yake alitoka mkoa wa Kasai. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu. Katika kwaya yetu wimbo haukuhesabiwa kuwa umekwisha kabla yeye hajauwekea besi. Kila Jumanne nilimpelekea sauti yangu, nimeiandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Alifumba macho, akanguruma kidogo, kisha akaandika mstari wake chini ya wangu.

Basi ikaja ile siasa ya kufukuza watu wa Kasai warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Kiongozi wa vijana wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaja kwangu.

"Mwalimu, tupatie wimbo ya mukutano. Weye uko na zawadi, unaificha mu kanisa tu na bamama."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Nilikuwa nimechoka na kinanda kibovu na waimbaji arobaini. Nilitaka ngoma, filimbi, uwanja mzima. Nikajiambia ni sanaa mpya, mtunzi lazima akue. Sanaa gani! Kilikuwa kiburi, basi.

Nikauchukua ule ule wimbo wa matoleo. Swali nililiacha lilivyo. Jibu nikaliandika upya: "Yetu sisi, kwenu kule." Maneno yakazidi noti, kwa hiyo nikaikata ile noti ndefu ya Baba Ngalula vipande vipande ili yaingie vizuri. Nilifanya kazi safi, na nilipokuwa naifanya nilisikia raha.

Jumamosi uwanja mzima uliuimba. Mimi nilisimama nyuma ya watu nikalia. Nililia kwa furaha, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Wiki iliyofuata waliuimba mlangoni kwa Baba Ngalula, kwenye nyumba za wafanyakazi kule Shituru. "Hii nyumba ni ya nani?" Yeye alikuwa ndani na mkewe na watoto. Mimi nilisikia kwa mbali nikafunga dirisha.

Siku ya tatu baada ya wao kufukuzwa, nilimfuata stesheni. Familia zilikuwa zimejaa pale, zimekalia mafurushi, zinangoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilibeba unga. Mkewe aliupokea bila kuniangalia usoni.

"Mwalimu," akasema Baba Ngalula, "ile wimbo, ni weye ulibapatia?"

"Apana, ndugu yangu. Balituibia. Balichukua wimbo yetu, bakaiharibu."

Nilimwambia hivyo, mimi, mbele ya watoto wake waliolala chini.

Akaanza kunguruma ile besi mpya, polepole, macho yamefumbwa kama Jumanne zetu. Alipofika pale nilipokata noti, akakomea hapo.

"Hapa, muntu wa mu barabara angekosea. Angekimbiza maneno. Huyu alikata muzuri, sawa vile tulikuwa tunafanyaka siye babili."

Akauchukua ule unga kutoka kwa mkewe, akaniwekea mikononi.

"Mupelekee mutoto wangu wa batizo. Yee hana kosa."

Treni ilikuja baada ya siku nyingi. Sikwenda kuaga, niliogopa. Mpaka leo sijui kama walifika.

Baadaye kanisani nilianzisha wimbo wa matoleo, nikidhani watu wamesahau. Sauti za juu ziliuliza, na kutoka kwenye mabenchi watu wakajibu maneno ya uwanjani, mbele ya altare, wengine wanacheka. Padri alinyanyua mkono tukanyamaza. Matoleo yakapelekwa kimya, na wimbo ule haujaimbwa tena.

Siku hizi natunga nyimbo za matanga tu. Watu wananisifu, wanasema zina uchungu wa kweli. Wapumbavu! Hawaulizi uchungu huo nimeutoa wapi. Jumanne nikikaa kuandika, mkono wenyewe unachora mistari miwili, na wa chini unabaki mtupu. Binti yangu ameanza kuuliza baba yake wa ubatizo yuko wapi. Namwambia alisafiri.

Nyinyi mnaotunga, nisikieni hata kama mnanichukia. Wale watu wa siasa hawana wimbo wao, watakuja kuazima wako, na watakusifu kwanza. Usiwaulize utaimbwa na watu wangapi. Waulize utaimbwa mlangoni kwa nani.