Posa Yangu na Nyota Iliyonivuta

Jamani, aibu hii mpaka leo nikipita sokoni Pongwe kuna watu wananiuliza, "Bi harusi, chombo kilifika salama?" nami nacheka tu, maana nifanyeje.

Ilikuwa siku ya posa yangu. Wazee wa Nassor wametoka Moa, wamejaa sebuleni kwetu, na mimi, kama ada yetu ilivyo, nimekaa chumba cha ndani, nangoja shangazi aje kwenye pazia aniulize kama nimeridhia (mwari akinyamaza, basi keshakubali, hata neno hatakiwi kulitoa). Sasa kungoja kule kukanichosha, nikasema niwashe gemu langu la vyombo vya angani mara moja tu. Nikavaa hedifoni. Kumbe Nassor naye, kaachwa kwao Moa, kashindwa kutulia, yumo humo humo mtandaoni! Tukaruka pamoja mpaka pembe ya mwisho ya anga, hakuna kituo wala mtu, na huko ndiko nyota nyeusi isiyotoa hata mwanga (mshenzi yule!) iliponidaka ikaanza kunivuta.

"Ruka, Zuhura! Acha chombo!" Nassor ananipigia kelele masikioni.

Chombo nilichokihangaikia mwaka mzima? Nikapaza sauti, "Sitaki, Nassor! Nimesema sitaki, hata mniue!"

Wallahi sikujua kwamba nyuma ya pazia shangazi ndiyo kwanza alikuwa ameniuliza.

Pazia likafunguka. Shangazi kanivuta hedifoni sikio moja, kisha kashika kichwa, na huko sebuleni ami yake Nassor anavaa viatu, uso umemshuka. "Basi, tumesikia," anasema. "Mtoto hataki, tusimlazimishe." Na mimi Nassor namtaka, tena namtaka sana! Lakini mikono nikiitoa kwenye usukani, chombo kimekwenda. "Shikamoo, Ami, ngoja kwanza!" nikasema, nikakigeuza chombo, nikaiacha ile nyota initupe kwa nguvu zake yenyewe upande wa pili, na nikatoka. Nikatoka, jamani! Sebule nzima imekodolea macho skrini.

Nikavua hedifoni, nikasimama, na mbele ya wazee nikasema kwa kinywa changu (ada ndiyo nimeshaivunja): "Nassor nimemkubali. Nilichokataa ni kuacha chombo."

Ami akaitazama skrini, akanitazama mimi, akavua viatu.

"Huyu chombo kikienda mrama hakiachi," akasema. "Basi na mwanetu hatamwacha. Leteni kahawa." Vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

Nimeapa, wageni wakiwa sebuleni hedifoni sivai tena. Ila kuruka naruka, na mume wangu Nassor siku hizi, hata tukivutwa na nyota gani, hathubutu kuniambia niache chombo.