Nilipanga kusaini nyumba mchana wa Ramadhani ili nisilishe mtu

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, na nikiongeza chumvi mke wangu yumo humu jukwaani, ataniumbua.

Mimi Mkenya wa Bungoma, niliuza vipuri vya pikipiki Jinja, Uganda, miaka mingi. Tulikuwa tumepanga nyumba Wanyange, huko huko Jinja. Mwenye nyumba akatuambia mwanawe anaoa, tutoke.

Mke wangu kachoka kuhamahama. Akaapa kwamba akifunga vyombo tena, atavifungulia kwenye nyumba yetu au kwa mama yake.

Hapo mjue nilikuwa na presha.

Duka nilikuwa nahamishia Mbale, kwa hiyo tukatafuta huko, tukapata nyumba Nabuyonga. Ndogo, safi, ina hati. Muuzaji ni Hajji Badru, mzee mpole, anahamia kwa binti yake Budondo. Bei tukaelewana bila kelele.

Kasheshe ikaja kwenye gharama za kumalizia deal. Nani analipa nini?

Ushuru wa stempu na wakili, mimi. Sikubisha. Dalali, yeye. Mpimaji wa kuonyesha mawe ya mpaka, nusu kwa nusu.

Kisha Hajji akaongeza, anatabasamu: "Na siku ya kusaini, bwana, mnunuzi ndiye analisha mashahidi. Huku kwetu ndivyo."

Mashahidi ni mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, na muhuri wake, majirani wa kila upande, na ndugu za Hajji. Na hawa wakisema chakula, usije na soda na mandazi.

Nikajiona mjanja. Ramadhani ilikuwa imeingia, na mtaa ule karibu wote wanafunga. Nikamwambia Hajji tukutane mchana. Sahihi, muhuri, asanteni, kila mtu kwao!

Hajji akanitazama kidogo. "Hakuna neno," akasema.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Sifa, ubahili utakuua wewe."

Siku ikafika. Mawe ya mpaka yakaonekana haraka, isipokuwa moja. Jirani mmoja, fundi cherehani anaitwa Musa, anasema liko huku. Hajji anasema liko kule. Mpimaji anachimba, watu wanabishana, jua linakwenda. Roho juu juu, maana nyumba bado si yangu.

Likapatikana chini ya banda la kuku la Musa. Musa akanuna, akasema hasaini kitu.

Magharibi ikawa inakaribia. Nikatoa kalamu, nikampa Hajja, mke wa Hajji. Bila sahihi yake nyumba haiuzwi. Akairudisha mezani.

"Mwanangu, wageni wako kwangu, wamefunga, na sufuria ni tupu. Mimi sisaini hivyo."

Mwenyekiti naye akarudisha muhuri mfukoni. Yalaa!

Nikakimbia sokoni. Tende, sambusa, chapati, mchele, kuku, na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayopika na karanga. Muuza kuku aliona navyohema, akapandisha bei hapo hapo. Wakafungua kwa tende na sambusa, huku Hajja na majirani wakipika yaliyobaki.

Na futari, wakuu, si chakula cha mchana. Anayepita unamkaribisha. Wakapita! Waliotoka msikitini, wapangaji wa nyuma, mpaka bodaboda aliyeniletea mchele akanawa mikono.

Nilikula nina hasira, sitawaficha. Chakula chenyewe kilikuwa kitamu.

Wakashiba, wakaomba dua. Hajja akasaini. Musa naye akasaini, anachokonoa meno. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Baada ya Idi tukiwa tumehamia, akatokea mpwa wa Hajji kutoka Kampala. Anafoka getini: nyumba ni ya ukoo, haijauzwa, nani alishuhudia? Nikaingia ndani kutafuta makaratasi.

Natoka, nakuta uwanja umejaa watu. Musa yuko mbele.

"Mimi nilishuhudia. Na huyu, na yule. Tulifuturu hapa, Hajja akasaini tunaona. Wewe ulikuwa wapi?"

Jamaa akaangalia ule umati, akarudi kwenye gari lake. Mimi nimesimama na karatasi zangu, hakuna hata aliyeziomba. Machozi yalinilenga, wakuu.

Kwa hiyo ukinunua nyumba, pataneni mapema nani analipa nini. Ila ya kulisha mashahidi usiikwepe. Lipa wewe mnunuzi, na upike chakula kingi, maana watakaokaa na wewe ni hao.

Huko kwenu analipa nani? Tiririkeni. Na mkiniita bahili sitajibu, mke wangu ameshawatangulia.