Jani la Ukurasa wa Mia na Kumi

Asubuhi ile niliondoka Majengo, pale Moshi mjini, bila mpango, na kwangu huo ndio mpango wa kawaida. Chumba nilikuwa nimeshamkabidhi mwenye nyumba, nguo zilikuwa kwenye begi, na kitabu kilikuwa mkononi kwa sababu nilikuwa nimebakiza nusu yake. Barabarani nikakuta pikapu inayorudi mlimani na madumu matupu ya maziwa. Dereva akaniuliza naenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi. Akasema Masama. Nikamwambia hata mimi ni huko huko.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya vijana. Nilikipata kwenye mitumba, kimelala kati ya mashuka kama mtu aliyepotea njia. Kilihusu msichana wa miaka kumi na sita katika mji ambao kila wiki watu wanasahau mtaa mmoja, na yeye peke yake ndiye anayekumbuka. Mimi nina miaka arobaini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, na faida kubwa niliyoipata ni kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitabu kipi ni cha umri gani. Waandishi hawa wapya wa vijana nawasoma wote ninaowapata. Wanaanza hadithi ukurasa wa kwanza, hawakuweki sebuleni kusubiri. Nawavumilia hata kwa jambo moja linaloniumiza: kwenye vitabu vyao, mwanamume wa umri wangu anayezunguka na begi bila kazi inayoeleweka huwa anakamatwa ikifika sura ya tano, na mara nyingi anastahili.

Dereva alinishusha mahali wanapopokelea maziwa. Nikapanda kwa miguu kati ya migomba na mibuni, nikasalimia kila niliyekutana naye, kisha nikaona jiwe zuri kando ya uzio wa mimea yenye majani marefu kama mikanda. Nikaketi, nikasoma. Nilipofika ukurasa wa mia na kumi, msichana alikuwa amesimama mbele ya mtaa anakoishi mama yake, na kesho yake ndiyo ilikuwa zamu ya mtaa huo kusahauliwa. Mvua ikaanza hapo hapo.

Mimi sikunji kurasa. Nimewahi kuacha kuongea na mtu kwa sababu hiyo. Nikachuma jani moja kwenye uzio niweke alama, lakini lilikuwa refu mno, likatokeza pande zote mbili za kitabu, basi nikalipiga fundo katikati ili lipungue. Nikakimbilia baraza la nyumba ya karibu.

Hapo alikuwepo bibi mmoja anamenya ndizi za mtori. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba polepole, macho yake yakiwa kwenye kitabu, hayakuwa kwangu. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Amekutuma?"

Nikamuuliza ni nani.

"Huyo wa vitabu. Nilijua atatuma tu. Ila sikujua atapata mtu mzima hivi wa kumbebea." Akaninyooshea kiti, kile chenye mto. "Nimepokea. Mwambie nimemsamehe."

Kilichonichukua muda kukielewa, mtoto yeyote wa mlimani anakijua kabla hajaanza shule. Mmea ule ni masale. Unapandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa na migomba. Na Mchagga aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo jani lake, akampa mtu mzima alipeleke kwa aliyekosewa. Ukiletewa, huwezi kukataa kusamehe. Miezi minane nilikaa Majengo, ila Majengo tunakaa watu wa kila mkoa, na hakuna aliyewahi kuniomba msamaha kwa jani wala kwa mdomo.

Akaniletea maziwa, na huku nikinywa akanisimulia. Alikuwa na mjukuu wa kike aliyemlea tangu mdogo. Binti alimaliza kidato cha nne, akawa anasoma vitabu kama hiki changu hata anapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Siku moja ya mvua, kuni zikiwa mbichi, bibi alichukua kitabu kimoja rafuni na kuwashia moto. Hakuchukua ovyo. Alichagua kile alichomwona binti anakimaliza, maana kwake yeye kitabu kilichosomwa ni kama gazeti la jana, kazi yake imekwisha. Kesho yake binti akashuka Moshi kuuza nguo dukani kwa mtu. Ulikuwa mwezi wa saba sasa tangu aondoke, na bibi alikuwa akingoja jani. Kumpigia simu hakuweza. Mkubwa hamfuati mtoto.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kiti kilikuwa laini, na mtori ulikuwa njiani. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu. Lakini nilifikiria bibi akimpigia binti kumwambia amemsamehe, binti ambaye hakuomba, na ambaye kitabu chake ndicho kilichochomwa. Hapo asingerudi tena.

"Bibi, sikutumwa na mtu," nikasema. "Nilikuwa naweka alama nisipoteze ukurasa."

Akaomba kitabu. Akachomoa jani, akaligeuza.

"Umefunga wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Lilikuwa refu."

"Umefunga vibaya."

Akarudi kwenye ndizi. Nilidhani nimefukuzwa, nikaanza kuvuta begi. Ndipo akaniuliza, bila kuinua macho, nikimaliza kitabu kama hiki huwa nakifanyia nini. Nikamjibu kwamba nikikipenda nakisoma tena.

"Hicho hicho? Na mwisho unaujua?"

"Naujua."

Akamenya ndizi nyingine mbili.

"Basi nilichoma kitu kizima."

Akalichukua jani, akafungua fundo langu, akalifunga upya la kwake, dogo na lililokaza. Akasema hajawahi kuona mkubwa akipeleka masale kwa mtoto, na kwamba ndugu zake wakisikia watamcheka mpaka kanisani. Akaniambia kesho nishuke nalo Moshi, akanielekeza duka. Nikamwambia nimepanda leo leo. Akaniuliza nina kazi gani huku. Nikanyoosha mkono, nikalipokea jani. Hivyo ndivyo nilivyopata mpango kwa mara ya kwanza mwaka ule, nao ulikuwa wa kurudi nilikotoka.

Baada ya mtori alinifungulia chumba cha binti. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Rafuni vitabu vilisimama vimebanana, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa wazi, upana wa kitabu kimoja, na sehemu hiyo ilikuwa imefutwa vumbi kuliko kwingine kote. Bibi akasimama mlangoni akinipa masharti: nisome nitakacho, nisitoe hata kimoja nje, na kuni kavu zipo, tena nyingi.

"Ukimkuta, usimwambie nimeongea sana. Mwambie ng'ombe amezaa."

Nikaitikia, nikaweka begi chini. Akaondoka, kisha nikamsikia anarudi.

"Na hicho nilichochoma," akasema, "muulize kilikuwa kinaitwaje. Jalada sikulisoma."