Nilimwambia mama kamera haitamwona

Admin, nifichie jina, na avenue yetu usiitaje. Wa Kolwezi mtakaonitambua, naomba mninyamazie tu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, bado naishi kwa wazazi, na kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga. Kusema kweli nimechoka. Hata haya nimeyaandika mara tatu nikafuta.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenda mafunzo ya kupiga zile video ambazo mtu anavaa kaske machoni, kama miwani mikubwa iliyofungwa, akigeuka anaona pande zote kama yuko palepale. Kamera yenyewe ni kitu kidogo, ina macho mbele na nyuma. Miaka saba nimezoea kushika kamera begani na kumwambia bwana harusi asogee. Huku hakuna kushika. Unaisimamisha katikati ya watu, unabonyeza, halafu unakimbia kujificha, maana ukibaki utaonekana. Wiki ya kwanza nilionekana katika kila video, nimechuchumaa nyuma ya pipa kama mwizi wa kuku. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupiga mahali unapopajua vizuri, nikachagua kwetu. Cité yetu, mtaa tunaokaa, iko pembeni ya shimo la mgodi, na watu wa mgodi wanataka tuhame ili shimo lipanuliwe. Wakilipua mawe, sahani zinacheza kabatini. Baba yangu ndiye anayeongoza kamati ya avenue. Ni yeye aliyewaambia majirani wasitie saini karatasi za kuhama, wasimame pamoja mpaka wapewe mahali pazuri. Watu wanamsikiliza kuliko padri.

Basi nikamkalisha baba uani na koti lake la misa. Mama alikuwa kwenye kiti kidogo anachambua sombe, majani ya muhogo, akakataa kabisa: "Mi sitaki batu banione na hii kitambala ya jikoni." Nikamjibu bila kufikiri, kama ninavyowajibu akina mama wa harusi kila Jumamosi: "Kaa kule nyuma ya kamera, mama, hautaonekana." Akahama na sombe yake. Nikabonyeza, nikakimbilia nyuma ya choo. Yaani nimefundishwa tangu wiki ya kwanza kwamba kamera hii haina nyuma, na mdomo wangu ukasema mazoea yake.

Kesho yake nikavaa kaske kuangalia. Baba alikuwa amesema vizuri sana, kwa sauti yake ya mikutano: "Sisi hatutoke hapa. Hakuna mutu wa hii avenue mwenye atasinye peke yake." Nikageuza shingo. Mama yuko pale, ameinama juu ya sinia, anaongea peke yake polepole, na kamera imemsikia vizuri kuliko baba: "Bongo tu. Umesha kusinye. Manjanja ya Kasaji inangoja tu bafundi."

Bongo kwetu ni uongo, kusinye ni kutia saini, manjanja ni mabati. Kasaji ni kwao mama. Nilirudia mara tano, nikidhani nimesikia vibaya. Baba yangu alishatia saini na ana nyumba anayoijenga, na majirani bado anawaambia wangoje.

Nilimfuata mama jikoni nikamwambia nilichosikia. Hakukataa. "Tata yako alichoka, mwanangu. Kile kikohozi na haya mavumbi. Alianza na roho moja, kisha ikamushinda, na sasa anasikia haya kubaambia batu." Akaniangalia. "Lakini weye uliniambia kama sitaonekana." Niliumia kuliko kama angenipiga kofi.

Maonyesho ni Jumamosi hii kwenye salle, ukumbi wa parokia, majirani wote wamealikwa, watavaa kaske kwa zamu. Na kila anayeivaa lazima ageuke, ndiyo raha yake. Mwalimu anasema ni jambo dogo: aliyekataa kupigwa video anatolewa, unafunika upande wake kwa picha ya ua mtupu, unafuta na sauti. Ameshanionyesha jinsi ya kufanya. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nikimtoa mama, nitabaki na baba peke yake anayewaambia watu wasisaini, na mimi ndiye nitakayewavalisha uongo huo machoni. Nikimwacha mama, nimemsaliti yeye, na baba hatatembea tena katika avenue yetu. Nikisema video imeharibika, baba ataendelea na mikutano yake kama kawaida.

Najua mtaniambia niongee na baba. Nilijaribu. Nilimkuta anapiga pasi lile koti, akaniuliza, "Video yangu iko muzuri? Bataona kama tuko na nguvu?" Macho yake yalikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu aanze kukohoa. Nikasema iko nzuri. Na nikimwambia nilichosikia, atajua ni mama aliyekitoa. Nampenda baba yangu, na wakati huohuo namkasirikia.

Watu wa mgodi wamesema mwisho wa kusaini ni mwisho wa mwezi huu. Atakayechelewa ataondolewa bila kuchagua pa kwenda. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mjane, ana watoto wanne, na chumba wanacholala kina ufa ambao mkono unapita. Alipewa karatasi mara mbili akairudisha, kwa sababu ya neno la baba. Jana asubuhi nilimkuta anachanganya saruji. "Tata alisema tutabakia," akaniambia, "basi acha nitengeneze nyumba ya batoto." Akaniomba nimchotee maji.

Nilimchotea ndoo ya kwanza, nikarudi na ya pili. Ndugu zangu, nishaurini, na msinionee huruma: nifanye nini?