Video ya Mwalimu Iliyokatwa Katikati

Habari za kifo cha mwalimu zilinikuta sokoni Thika, nikiwa na parachichi mkono mmoja na simu mkono wa pili, nikimweleza muuzaji kwamba parachichi lililolegea namna ile haliwezi kuwa na bei ya lililo gumu. Aliyepiga ni dada yake. "Mwandishi, tumempoteza," akasema, na baada ya hapo sikuwa na nguvu za kushindana na mtu, nililipa nilichoambiwa. Mwalimu alikuwa amelazwa siku chache kwa sababu ya presha, na sisi tuliomjua tulikuwa tumeanza kupanga zamu za kumpelekea uji. Ningependa kuwaambia, wasomaji wangu, kwamba jambo la kwanza nililolihisi ni huzuni. Lilikuwa woga. Nilijiuliza: sasa ni nani ataisaka ile video?

Wengi wenu hamkumjua, kwa hivyo nianze mbali kidogo. Alifundisha kemia na hesabu katika shule moja ya kutwa mjini Ruiru, na makao yake yalikuwa mtaa wa Landless, Thika, kwenye nyumba ndogo ambayo jiko lake lilikuwa na chupa nyingi kuliko sufuria. Tulikutana kwenye kibanda cha muuza chupa kuukuu. Maabara ya shule yake ilikuwa na upungufu wa vyombo, naye alikuwa anatafuta chupa za glasi zenye mdomo mpana. Alizihesabu kwa sauti huku akizitia kwenye gunia: "Nane, tisa, kumi na moja, kumi na mbili. Basi, dazeni." Muuzaji akatazama juu kama mtu aliyeona ndege wa ajabu. Mimi huhesabu ngazi za nyumba yangu nikipanda, kisha nizihesabu tena nikishuka, kwa hivyo sikuweza kunyamaza. "Mama, umeruka kumi," nikasema. Akanigeukia akicheka. "Asante. Nilitaka kuona ni nani ameamka." Muuzaji naye akanikazia macho: "Wee mzee, kwani umetumwa na nani leo?"

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndivyo alivyofundisha. Angeandika hesabu ubaoni, katikati ageuze alama ya kutoa iwe ya kujumlisha, kisha aendelee na uso mkavu hadi mtu apige kelele: "Mwalimu, hapo umetupiga chenga!" Darasani kwake hakuna aliyesinzia, maana hakuna aliyejua kosa lingejitokeza mstari gani. "Mtoto anayenakili tu," aliniambia, "siku nikikosea kweli, atakosea pamoja nami na atanishukuru." Alikuwa na sharti moja tu: kosa lisahihishwe kabla ya kengele. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka mlangoni akiwa amelibeba.

Video zilianza kwa sababu ya uhaba. Madarasa yalikuwa mengi, maabara ni moja, na kemikali zilitumiwa kwa kipimo kama dawa ya mtoto. Akaanza kujirekodi jikoni kwake: leo logariti, kesho jinsi ya kusoma kipimajoto, keshokutwa kwa nini chuma hushika kutu. Alichanganya Kiingereza na Kiswahili, na Kikuyu kidogo pale alipochoka. Aliziweka kwenye kikundi cha wazazi ili kila mtoto aone jaribio nyumbani hata kama shuleni alisimama nyuma ya wenzake warefu. Nami nilizisifu kwenye ukurasa huu huu. Nimewaona watoto walioogopa hesabu kama mbwa mkali wakianza kuisogelea.

Jumamosi moja nilimkuta akirekodi somo la kupunguza ukali wa asidi. Nilisimama nyuma ya simu, nimeambiwa nisipumue kwa nguvu. Mezani kulikuwa na jagi la maji na chupa iliyobandikwa karatasi: ASIDI KALI. "Mwalimu, hiyo ni asidi kweli?" nikanong'ona kabla hajaanza. "Jikoni kwangu? Ni maji matupu hayo, mwandishi. Asidi iko shuleni, imefungiwa kabatini." Kisha akaitazama simu, akatabasamu, akamimina maji kutoka kwenye jagi hadi kwenye chupa, taratibu, kama anayemtilia mgeni chai. "Tunataka kupunguza ukali wa asidi hii. Nachukua maji, naongeza ndani ya asidi, hivi. Rahisi, sivyo?" Akanyamaza, akingoja, kama vile darasa zima lilikuwa ndani ya ile simu. Ndipo akasema: "Nani ameona kosa langu? Kama hii ingekuwa asidi kali kweli, saa hii ningekuwa nakimbia nikishika uso." Nusu iliyofuata yote ilikuwa kueleza kwa nini.

Video ilipoingia kwenye kikundi, mzazi mmoja wa mtaa wa Membley aliandika: "Mwalimu, kazi safi, lakini hii iko mrefu sana. Watoto wa siku hizi ni dakika moja tu. Halafu bando inaisha." Wengine wakainua vidole gumba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu fulani, hatukupata kujua nani, akaikata iwe ya dakika moja, na kipande alichobakisha kikaishia kwenye lile tabasamu na yale maneno "Rahisi, sivyo?" Hicho ndicho kilichosafiri.

Tuligundua kupitia msichana wa shule moja ya Mwiki, ambaye mwalimu hakuwahi kumwona. Alitafuta nambari, akatuma ujumbe wa sauti, na mwalimu akaniwekea niusikilize nikiwa nimeketi sebuleni kwake. "Habari mwalimu. Aki samahani kukusumbua. Tuko na praktiko ya maabara wiki ijayo. Ticha wetu anasema asidi ndiyo inaingia kwa maji. Na wewe kwa video uliweka maji kwa asidi na hakuna kitu ilifanyika. Sasa tuamini nani? Darasa yote inasema wewe, juu tumekuona na macho." Mwalimu aliuzima ule ujumbe, akaiweka simu kifudifudi mezani. Alikuwa mwangalifu mno kuweza kutumia asidi halisi jikoni, na ni uangalifu huo huo uliofanya kosa lionekane salama. Alimpigia yule msichana papo hapo, akamweleza, akamwomba amtii mwalimu wake. Alipokata simu akaniuliza, "Huyu ameuliza. Na wale ambao hawajauliza?"

Akarekodi sahihisho, refu kuliko video ya kwanza. Nikamshauri kama mtu wa sokoni. "Punguza, mwalimu. Sema asidi kwa maji, basi, ufunge."

"Kupunguza ndiko kumenifikisha hapa."

"Kosa lako ni la dakika moja na sahihisho ni kama mahubiri. Nani atalichukua?"

"Nikiwapa amri bila sababu, watapima amri yangu na walichoona. Walichoona kitashinda. Lazima wajue joto linatoka wapi."

Mabishano mengi nimeyashinda kwa kuondoka polepole hadi niitwe nirudi. Siku hiyo sikuondoka, naye hakuniita. Sahihisho lilikaa pale lilipowekwa, likitazamwa na waliojua tayari. Kile kipande kiliendelea kutembea, na kila kiliporudi kwake kilikuwa kimetoka mbali zaidi, kimewekewa muziki, kimeandikwa "Kemia bila machozi".

Ndipo alipoanza kuzunguka shule za Ruiru na Thika, moja baada ya nyingine, akiomba nafasi kwenye paredi ya asubuhi. Nilimsindikiza mara moja. Naibu wa mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima langoni akasema, "Mwalimu, usijali. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu hapa." Nyuma yake mistari ya watoto ilikuwa imeanza kutikisika. "Ni yule wa video!" "Ni yeye, buda, naapa!" Mmoja akampungia mkono na kupaza sauti, "Mwalimu, rahisi, sivyo?" Paredi nzima ikaangua kicheko cha mapenzi matupu. Mwalimu alizungumza nao, wakampigia makofi. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Wangenichukia kidogo, ningelala."

Nimefikiria sana maneno hayo. Darasa lina mlango na lina kengele. Mwalimu humwona anayetoka na anachotoka nacho. Video haimwoni mtu. Inaingia nyumba ya Membley na chumba cha Mwiki kwa tabasamu lile lile, haijui ni nani amezima katikati kwenda kuchota maji, na haijui kwamba aliyezima hatarudi. Sisi wazazi tumeulizana tu kama mtoto ameitazama. Tumesahau kuuliza ameondoka na nini. Na kadiri mwalimu anavyopendwa, ndivyo nusu ya somo lake inavyoaminiwa kama somo zima.

Ibada ya kumuaga ilikuwa Thika. Wanafunzi walijaza upande mmoja wa kanisa, sare za shule kadhaa, wengine ambao hakuwahi kuwafundisha ana kwa ana. Vijana wa mitambo walikuwa wameandaa picha zake kwenye skrini kubwa: utotoni, chuoni, akiwa na chaki. Halafu, kwa nia njema kabisa, wakacheza video. Ilikuwa ile. Akatabasamu juu ya jeneza lake mwenyewe, akamimina. Mama aliyeketi mbele yangu akasema, "Ngai, hebu ona huo upole." Simu zikainuliwa kila upande kumrekodi. "Rahisi, sivyo?" akasema, picha ikaganda hapo, kwaya ikaanza kujiandaa.

Nikasimama. "Hapo amekosea," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

Mzee wa kanisa akanijia haraka. "Ndugu, keti tafadhali. Tuko kwenye maombolezo."

"Nami naomboleza. Lakini hapo amekosea, na alijua, na nusu nyingine imekatwa."

Dada yake akasema kutoka mbele, "Mwacheni aseme." Nikapewa kipaza sauti na dakika moja. Nikasema nilichokumbuka, kuhusu asidi, kuhusu maji, kuhusu joto; nadhani nilikisema sawasawa. Nina hakika na jambo moja, maana nilitazama upande mmoja wa kanisa, kisha nikautazama tena: mikono yenye simu iliyokuwa juu alipokuwa akimimina ilikuwa chini nilipokuwa nikieleza.

Nje, msichana mmoja mwenye sare alinifuata, macho mekundu kwa kulia. "Mzee, kwa nini unamharibia mwalimu jina siku ya mazishi yake?" Nikamuuliza, "Wewe ukipewa asidi kali na maji, unamimina nini ndani ya nini?" Hakusita. "Maji kwa asidi. Vile alifanya." Nilimshika hapo hadi gari la shule yao likapiga honi, nikirudia sababu kama alivyozirudia marehemu, nikiogopa kila neno nililoliruka. Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama aliitikia somo au aliitikia mzee ili aachiliwe.

Hadi ninapoandika haya sijasikia mtoto aliyeungua. Hilo lingetosha kumtuliza mtu mwingine. Mimi huhesabu mara mbili, na hapa sina cha kuhesabu, kwa sababu sijui kipande kile kipo kwenye simu ngapi, wala maabara ipi itafunguliwa kesho asubuhi. Kwa hivyo nawaomba, jioni hii muulizeni mtoto wenu wa sekondari lile swali nililomuuliza yule msichana, na msiridhike na kichwa kinachotikisika. Mwalimu aliuweka ukweli mwishoni kwa sababu alizoea watu wanaobaki hadi mwisho. Ninyi mmebaki, basi uchukueni. Maji yakiingia kwenye asidi kali, joto huja ghafla na asidi hutawanyika ikiwa inachemka. Asidi ikiingia kwenye maji mengi, joto hugawanyika na kupoa. Asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kinyume chake kitakurukia usoni, hata kama umemwona mwalimu unayempenda akikifanya huku akitabasamu.