Sarafu ya Sultani Ndani ya Sadaka

Nitawaambia, lakini msinicheke kabla sijamaliza: mimi nimewahi kushikwa mkono ukiwa ndani ya kikapu cha sadaka, kanisani kwetu mtaa wa Jericho, mchana peupe, na aliyenishika ni baba ya msichana niliyetaka kumwoa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani, na ugonjwa wangu ulikuwa sarafu za kale (wenzangu walikuwa na mpira, mimi nina lenzi). Rafiki yangu wa Lamu alinipa kipande cha shaba, chembamba, kimechakaa, nikakaa wiki tatu nikikilinganisha na picha za kitabu cha maktaba mpaka nikakitambua: sarafu ya Kilwa, ya sultani Ali bin Hasan, ina miaka mia kadhaa! Jumapili hiyo nikaitia mfuko wa shati, pamoja na shilingi yangu ya sadaka, ili nimwonyeshe Mueni, msichana mwenyewe, ibada ikiisha. Hapo ndipo nilipojiroga.

Mueni anaimba kwaya, mimi namkodolea macho, kikapu kikapita, nikatumbukiza, kikaenda safu tatu ndipo nikapapasa mfuko nikakuta shilingi bado iko. Jasho! Nikaruka benchi, nikamkanyaga mama mmoja, nikakifikia kikapu na kuzamisha mkono mzima. (Ningeweza kungoja, najua, nimeshaambiwa.)

Aliyekuwa akipitisha kikapu ni Mzee Kilonzo, baba yake Mueni, dereva wa lori mwenye mkono kama koleo. Akanidaka.

"Wewe! Unaiba sadaka?"

Nikavuta, akavuta, kikapu kikapinduka, pesa zikabingirika chini ya mabenchi, kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mueni akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Siibi, Mzee. Nimetoa sarafu yangu ya kale kwa makosa."

"Ya kale? Leo utatuambia ni ya Farao!"

Pasta akanyamazisha watu, akataka nieleze ilivyo kabla haijaokotwa. Nikasimama pale mbele, nikasema ni ndogo kama kifungo cha koti, ina Kiarabu pande zote, upande mmoja jina la sultani, wa pili unasema anamtumaini Mola mwenye fadhila, na pande hizo mbili zina vina, kama shairi. Watu wakaangua kicheko.

Ikaokotwa. Nani ataisoma? Akaitwa Maalim Abdi, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, akavua viatu mlangoni, akachukua lenzi yangu, akainama.

"Ali ibn al-Hasan," akasoma. Akaigeuza. "Yathiq bi-mawla al-minan." Akatabasamu. "Kijana amesema kweli, na vina viko!"

Jamani, vigelegele! Akina mama walewale waliokuwa wakinisonya sasa wanapanga foleni kuchungulia lenzi, na pasta mwenyewe akachungulia mara mbili. Mueni akashuka kutoka kwaya, akasimama kando yangu mbele ya watu wote, kifua mbele. Nikatoa shilingi yangu, na nyingine juu yake, nikaziweka kikapuni polepole ili kila mtu azione.

Mzee Kilonzo akakohoa. "Nyumbani niko na pesa fulani za marehemu baba yangu, hatujui ni za wapi. Njoo saa kumi uziangalie. Utakunywa chai."

Mwaka mzima nilikuwa nikingoja neno hilo! Lakini mkono uliniuma siku nne, na tangu hapo sijaingia tena kanisani na sarafu ambayo haiwezi kununua mkate.